Alama Kumi na Mbili kwa Kila Mtoto

Akina mama wenzangu, mtoto wa siku hizi hupewa namba kabla hajapewa jina. Nalijua hilo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi ni muuguzi, na miaka yangu mingi imepita katika chumba cha kujifungulia. Mtoto akizaliwa tunamtazama mambo matano: mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, jinsi anavyoitika akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila jambo hupewa 0, 1 au 2. Tunajumlisha na kuandika, dakika ya kwanza na tena dakika ya tano. Kipimo hiki kilibuniwa na daktari Mmarekani, mama Virginia Apgar, aliyekichapisha mwaka 1953, na mpaka leo kinatumika duniani kote.

Tangu hapo namba hazimwachi mtoto. Kliniki anapimwa uzito na mstari unachorwa kwenye kadi. Mkono wake unazungushiwa utepe wenye rangi ya kijani, njano na nyekundu. Kisha anaanza shule, na kila mwisho wa mwaka analeta ripoti nyumbani. Mama mwenye haraka hasomi somo moja moja. Jicho lake linakimbilia chini, palipoandikwa nafasi: wa 3 kati ya 74, au wa 70 kati ya 74. Namba hiyo moja ndiyo inayotajwa mbele ya wageni, na mtoto yupo hapo hapo anasikia.

Leo nataka tuzungumze juu ya namba za watoto kwa njia ya mchezo. Usinicheke, mpenzi msomaji. Mchezo huu wa kopo na karatasi umenifundisha jambo juu ya kupima watu.

MCHEZO WENYEWE

Katika mtaa wetu wa Kanisa, upande wa Kyerwa, huwa najitolea kukaa na watoto wakati wa likizo ya Desemba. Siku hizo mvua ni nyingi na watoto hawana pa kwenda. Kijana wetu mmoja anayesoma chuo alikuja na wazo. Alituambia kuna michezo ambayo watu huketi mezani, mmoja akisimulia hadithi, na kila mmoja wa waliobaki akiwa ni mhusika ndani ya hadithi hiyo. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limekwenda na maji. Mnafanya nini?" Wachezaji wanajibu kama wahusika wao. Hakuna anayemshinda mwenzake. Wote hufika pamoja au hushindwa pamoja.

Mchezo maarufu zaidi wa aina hii ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, nao unaitwa Dungeons & Dragons. Humo kila mhusika ana karatasi yake yenye sifa sita zilizoandikwa kwa namba: nguvu, akili, hekima, ustahimilivu, wepesi wa mwili, na mvuto kwa watu. Hapo mwanzo zilirushwa dadu tatu kwa kila sifa, zikajumlishwa, ikapatikana namba kati ya 3 na 18. Kilichonivutia ni kwamba akili na hekima zimewekwa kwenye mistari miwili tofauti. Wazee wetu wangeafiki.

Kwa kweli jambo la kutangaza sifa za mtu si geni kwetu. Katika mkoa wetu wa Kagera yapo majigambo, yaitwayo ebyebugo, ambayo Y. I. Rubanza aliyaandikia kitabu mwaka 1994. Mtu husimama mbele ya watu akatamka ushujaa wake, na watu wakaitikia. Tofauti ni moja. Katika majigambo mtu hutaja anachokiweza tu. Karatasi ya mhusika humlazimu aandike pia asichokiweza. Hapo ndipo penye mafunzo.

SAFARI KWANZA, SIFA BAADAYE

Watoto walikuwa kumi na wanne, wa darasa la tano hadi la saba. Tulipowauliza mhusika awe na sifa gani, wavulana wakasema, "Nguvu!" Wasichana wawili wakasema, "Akili!" Kisha kimya. Kwao hayo mawili yalitosha kumweleza mtu mzima.

Kijana wa chuo akawaambia kwamba sifa huchaguliwa baada ya kujua safari. Kama hadithi ni ya vita, utahitaji sifa za vita. Basi tukachagua safari tunayoifahamu sisi wa huku: usiku wa mvua, mama mjamzito amepatwa na uchungu kijijini, ndani ndani huko Nkwenda, naye hali yake si nzuri. Anatakiwa afike Omurushaka, kisha Hospitali ya Nyakahanga. Tulichora njia hiyo nyuma ya kalenda ya zamani, tukaweka migomba, vilima, matope na kituo cha bodaboda.

Hapo nikaongeza la kwangu. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba akina mama wengi hufa kwa sababu ya kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kila muuguzi amefundishwa mambo hayo matatu. Tukaifanya hadithi yetu iwe na sehemu tatu vivyo hivyo, tukawauliza watoto: ili kuvuka kila sehemu, mtu anahitaji nini?

Katika sehemu ya kwanza, mama mkwe amekataa katakata. Yeye alizaa watoto wote nyumbani. Huwezi kumsukuma mama mkwe kwa nguvu. Unahitaji kusema naye kwa upole mpaka moyo wake ulegee. Watoto wakaiita sifa hiyo Huruma. Unahitaji pia kuzijua dalili za hatari, ndipo ujue kwamba hili si la kungoja asubuhi: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, homa kali, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Hiyo ni Akili. Sehemu ya pili ni matope na pikipiki iliyozama. Hapo ni Nguvu. Sehemu ya tatu ni kungoja usiku kucha, kumtuliza mgonjwa, kuhesabu pumzi zake, kumfuata mhudumu mara ya tatu bila kutukana. Hiyo wakaiita Subira.

Sifa nne zikapatikana: Nguvu, Akili, Subira na Huruma. Hakuna aliyewaamuru. Safari ndiyo iliyowaonyesha kwamba yale mawili ya mwanzo yasingemfikisha mama yule hata barabarani.

KWA NINI KUMI NA MBILI

Kisha ikaja kazi ya kugawa namba. Tuliwapa kila mmoja alama 12 azigawe kwenye sifa nne apendavyo, na kila sifa ipate angalau 1. Kijana mmoja wa darasa la saba akajipa Nguvu 9 na zilizobaki 1, 1, 1. Tulijaribu kidogo kwa kadi hiyo. Kwenye matope hakuna lililomshinda, hata wenzake wakaacha kutazama. Nyumbani kwa mama mkwe, kila alichosema kilizidi kumkasirisha yule mama, na safari ikakwama pale pale mlangoni. Watoto walicheka hadi machozi. Wao wenyewe ndio waliopendekeza kwamba pasiwe na sifa inayozidi 5.

Kwa masharti hayo, chini 1, juu 5, jumla 12, kijana wa chuo alipiga hesabu akapata kwamba zipo namna 85 za kuijaza kadi. Watoto kumi na wanne hawana haja ya kufanana. Mmoja aliandika 3, 3, 3, 3. Wenzake wakamwambia kadi yake haina ladha, lakini baadaye waligundua kwamba yeye hakukwama popote. Kila kundi linamhitaji mtu wa namna hiyo, kama kila jiko linavyohitaji sufuria ya kawaida.

Jaribu kidogo, msomaji, kujaza kadi yako mwenyewe. Utaona jambo. Huwezi kuongeza Subira bila kupunguza kwingine. Mama anayetaka awe 5 kila mahali, kazini, jikoni, shambani, kanisani, huyo anataka alama 20. Kadi haimruhusu, na mwili wake pia haumruhusu.

KOPO NA KARATASI SITA

Kadi peke yake haitoshi, maana maisha yana bahati na ajali zake. Badala ya dadu tulikata karatasi sita zinazolingana, tukaandika 1 mpaka 6, tukazikunja na kuzitia kwenye kopo. Mchezaji anapojaribu jambo, anachota karatasi moja, anajumlisha na sifa yake. Kazi ya kawaida inataka jumla ya 6. Kazi nzito inataka 8. Karatasi hurudishwa koponi kila mara, la sivyo atakayefuata atakuwa anajua zilizobaki.

Hesabu yake ni rahisi. Mwenye 3 akikabili kazi ya kawaida, karatasi 4 kati ya 6 zitamfaa. Mwenye 1 zitamfaa 2 tu, ile ya 5 na ya 6. Mwenye 5 hashindwi kamwe. Lakini kazi nzito ni habari nyingine. Mwenye 5 anahitaji kuchota 3 au zaidi. Mwenye 3 anahitaji 5 au 6. Mwenye 1 angehitaji 7, na ndani ya kopo hakuna 7.

Hapo watoto walinyamaza. Je, mwenye 1 afanyeje? Ndipo tukaweka kanuni ya msaada: mwenzako akisimama nawe, unaongezewa 2, ila yeye anapoteza zamu yake. Kwa msaada huo, mwenye 1 sasa anahitaji 5 au 6. Si uhakika, lakini si tena jambo lisilowezekana. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na watoto wameisikia methali hiyo mara nyingi. Siku ile waliiona kwa hesabu. Wakaona pia kwamba msaada una gharama: anayekusaidia ameacha la kwake.

WASIWASI WA WAZAZI

Najua kuna mama anayesoma hapa akikunja uso. Kopo, kubahatisha, watoto wa Kanisa! Wazazi wawili walinijia na swali hilo, nami niliwaheshimu kwa kuuliza. Kamari ni kuweka fedha au mali kwa tamaa ya kuchukua ya mwenzako. Hapa hakuna kinachowekwa wala kinachochukuliwa. Ni sawa na ludo inayochezwa barazani.

Wasiwasi wa namna hiyo ulikuwapo hata Marekani. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi Wakristo waliuhofia mchezo wa Dungeons & Dragons kwa sababu ya mazimwi na uchawi uliomo. Wengine walikataza kabisa. Wengine walitafuta njia nyingine: mwaka 1984 Mmarekani aitwaye Dick Wulf alitoa mchezo wa Kikristo wa aina hiyo, DragonRaid, ambamo sifa za wahusika zilitokana na matunda ya Roho. Mzazi ndiye mwenye kuchagua hadithi. Sisi tulichagua mama mjamzito na barabara ya matope, na hapo hapana cha kumtia mtu hofu isipokuwa ukweli wenyewe.

Swali la mama mwingine lilinipa kazi zaidi. Aliniambia, "Sista, mnawadanganya watoto. Duniani watu hawapewi sawa. Wengine wamezaliwa na alama 20, wengine 5." Nilimkubalia nusu. Ni kweli tunazaliwa tofauti, na umaskini huwanyima wengine hata kidogo walichokuwa nacho. Lakini nilimwuliza: yule unayemwona ana 5, umempima kwa sifa ngapi? Kama umempima kwa moja, hujajua jumla yake. Kadi yetu yenye sifa nne haimalizi mtu, lakini inatulazimisha kuuliza mara nne kabla ya kusema fulani hana kitu.

BINTI ALIYEOMBA SITA

Kati ya watoto wale alikuwamo binti wa darasa la sita. Sitamtaja jina. Wakati wenzake wanagombania penseli, yeye alikuja karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nipe sita tu. Kumi na mbili ni nyingi, sitajua pa kuziweka."

Nimesikia maneno mengi katika kazi yangu, na si mengi yaliyonishika kama hayo. Nilimjibu kwamba kanuni ni moja kwa wote. Achukue 12 zake. Alikaa muda mrefu. Mvulana aliyekuwa pembeni akamwambia, "Wewe si ndiye unayemlea bibi yako? Weka Subira." Akaweka Subira 5. Nguvu akajipa 3, kwa kuwa hubeba maji. Huruma 3. Akili 1. Hiyo ya mwisho hakuhitaji kufikiri. Ripoti ya shule ilikuwa imefika nyumbani wiki hiyo hiyo.

Mama yake namfahamu. Alikuwa amenieleza kliniki, akiwa na mtoto mdogo mgongoni, kwamba watu wamemshauri: huyu binti hana kichwa cha shule, akimaliza la saba bora apelekwe Mwanza akafanye kazi za ndani, alete chochote nyumbani. Hakuwa mama mbaya. Alikuwa na watoto watano na shamba dogo la kahawa.

Mchezo ukaanza. Tulipofika kwa mama mkwe, msimulizi akasema, "Mgonjwa anashika kichwa. Anasema taa ina ukungu. Je, ni jambo la kungoja asubuhi?" Wenye Akili 4 na 5 wakatazamana. Mmoja akasema apewe dawa ya maumivu alale. Yule binti akasema, "Hapana. Hiyo ni presha ya mimba. Ataanguka degedege. Mama alikuwa hivyo akiwa na mimba ya mdogo wangu, na nesi alisema tungechelewa angekufa." Hakuchota karatasi. Wala hapakuwa na haja, maana jibu lilikuwa sahihi.

Wakapaza sauti, "Futa hiyo moja!" Lakini kanuni ni kanuni; jumla ni 12. Akitaka kuongeza Akili, sharti apunguze kwingine. Alitazama kadi yake, akatoa 1 kwenye Subira akaipeleka kwenye Akili. Sasa ikawa Subira 4 na Akili 2. Hakuthubutu zaidi ya hapo, na sikumlazimisha.

Waliendelea hadi hospitali. Kungoja usiku kucha kulikuwa kazi nzito, ya 8, na wote wakamtuma yeye. Kwa Subira 4 alihitaji 4 au zaidi. Alichota 4. Sikumbuki kelele kama zile katika jengo letu, hata Krismasi.

Jioni mama yake alikuja kumchukua. Tukasalimiana, akaiona kadi mkononi mwa mwanawe. "Sista, hizi namba nani ametunga?" Nikamwambia ameandika mwenyewe. Akasoma polepole. "Subira ni kweli. Huruma ni kweli. Lakini Akili, mbona mbili? Huyu ndiye anayeniandikia daftari la kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Haijawahi kupungua hata shilingi."

Binti alimtazama mama yake. Nadhani hata mama mwenyewe alikuwa hajawahi kujisikia akisema hivyo. Wakaondoka pamoja chini ya mwavuli mmoja.

Sitakuambia, msomaji, kwamba mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza. Ripoti iliyofuata ilimweka wa 61, na hisabati bado inamtesa. Lakini yuko darasa la saba, anabaki jioni kwa masomo ya ziada, na habari ya Mwanza sijaisikia tena nyumbani kwao. Mama yake aliniambia atasubiri aone.

NAMBA NI YA NINI

Turudi kwenye chumba cha kujifungulia. Mtoto akipata alama ndogo dakika ya kwanza, hatuitangazi kwa ndugu waliokaa nje. Wala hatusubiri alama ndipo tumsaidie kupumua. Mikono yetu huwa tayari kazini. Alama ya dakika ya tano inatuonyesha kama msaada wetu umefanya kazi. Na wataalamu wa watoto wanaonya wazi kwamba alama hiyo isitumike kutabiri akili ya mtoto huyo atakapokuwa mkubwa. Imewekwa ili tujue nani anahitaji mkono wetu, na wapi.

Kadi ya mchezo inafanya hivyo hivyo. Nguvu 1 haimfukuzi mtoto mezani. Inawaambia wenzake, "Tukifika kwenye matope, simameni karibu na huyu." Hata Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotangaza Januari 2023 matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha ule utaratibu wa zamani wa kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa. Mitihani ingalipo, na ni lazima iwepo. Kilichoondolewa ni foleni ya kuwapanga watu kitaifa.

Nyumbani, foleni hiyo tunaipanga sisi. Tunasema, "Mdogo wako anakushinda." Tunasema, "Huyu ndiye mwenye akili, yule ni wa jembe." Mtoto anachukua neno hilo, anajiandikia 1 kwenye kadi ambayo hatuioni, na hakuna wa kumwambia kwamba kadi ina mistari mingine.

UKITAKA KUUCHEZA NYUMBANI

Huhitaji duka. Tafuta kopo, karatasi sita na penseli. Chagueni safari mnayoifahamu: kumpeleka bibi hospitali, kuvusha ng'ombe, kupeleka kahawa mnadani. Waulize watoto safari hiyo inahitaji sifa gani, zisipungue tatu wala kuzidi tano. Kama ni nne, kila mmoja apate alama 12. Kama ni tano, toa 15. Kama ni tatu, toa 9. Ndiyo kusema 3 kwa kila sifa. Pasiwe na chini ya 1 wala zaidi ya 5. Kazi ya kawaida 6, kazi nzito 8, msaada wa mwenzako 2.

Kisha, mama, usiwajazie kadi. Kaa kimya uone wanavyojiandika. Utajua katika robo saa yale ambayo ripoti ya shule haikukwambia, na pengine utakuta namba ambayo ni wewe uliyeiandika kwa mdomo wako au mdomo wa majirani. Ukiiona, usihubiri. Sema tu unachokijua juu ya mtoto huyo, kwa mfano halisi, kama yule mama alivyolitaja daftari la kikundi. Kifutio kiwekwe karibu.

Na baba akirudi, mpeni kadi naye. Kwetu alijipa Subira 5, na watoto wakaomba kura ipigwe.